Upepo wa Kando: Kutoka Butiaba Mpaka Paa la Jirani Yako



Katika toleo lililopita tuliongea juu ya vyandarua, na wengi wenu mkaniambia mmechoka kusoma habari za mbu. Basi safari hii tuongee habari za ndege. Usicheke. Mimi ni mjitolea wa afya hapa Nakivale, si rubani. Lakini mwezi wa Desemba 2019 koko mmoja wa Kashojwa aliniuliza swali, na swali hilo lilinipeleka mbali, hatimaye likanirudisha kwenye kosa nililolifanya kwa mikono yangu mwenyewe. Kosa hilo nitakueleza hapa chini, maana huenda nawe unakaribia kulifanya.

Koko huyo alikuwa amepata tarehe ya kusafiri kwenda kuanza maisha katika nchi ya tatu. Alingoja miaka mingi. Mizigo ilikuwa tayari, vipimo vya afya vimekamilika, lakini akasema hapandi. Sababu ilikuwa habari ya Goma. Tarehe 24 Novemba 2019 ndege ndogo aina ya Dornier 228 ya kampuni ya Busy Bee iliondoka uwanja wa Goma kuelekea Beni, na kabla safari haijaanza vizuri ikaangukia nyumba za watu katika mtaa wa Mapendo. Watu zaidi ya 20 walikufa, wakiwemo waliokuwa nyumbani kwao hawana habari na safari yoyote. Koko alikuwa na jamaa upande huo.

Akaniambia hivi: "Mwanangu dokta, ndege ikiwa chini mnasema ni salama. Ikiwa juu kabisa mnasema pia ni salama. Sasa mbona inaua pale inapoondoka?" (Hapa kijijini kila mwenye fulana ya mradi na daftari anaitwa dokta, hata ukikataa.)

Sikuwa na jibu. Nikaenda kulitafuta.

UPEPO UKIPIGA UBAVUNI

Ndege hainuliwi na injini peke yake. Inabebwa na hewa inayopita kwenye mabawa, na injini kazi yake ni kuisukuma mbele ili hewa hiyo ipite kwa kasi ya kutosha. Ndiyo maana rubani hupenda kuondoka akiukabili upepo. Upepo wa mbele unamsaidia, ndege inainuka mapema. Taabu ni kwamba upepo hauna ratiba, na kiwanja hakigeuki. Entebbe kuna njia mbili za kurukia, na ile kubwa ina urefu wa mita 3,658. Ukibahatika kuiona utakuta namba kubwa zimepakwa rangi kila mwisho, 17 upande mmoja na 35 upande mwingine. Hizo ni nyuzi za dira zilizoondolewa sifuri moja, yaani 170 na 350, ili rubani ajue anatazama wapi na upepo unampiga kutoka wapi. Viwanja vingi vidogo vya huku kwetu vina njia moja tu. Upepo ukija kutoka kando, rubani ama anaondoka nao hivyo hivyo, ama anangoja.

Wewe uliyewahi kupanda mtumbwi kwenye Ziwa Nakivale utanielewa haraka. Ukipigwa ubavuni, chombo kinataka kugeuka na kinataka kuinuka upande mmoja. Ndege nayo ni hivyo. Pua yake inavutwa kuelekea upepo unakotoka, na bawa la upande huo linanyanyuka. Rubani analizuia bawa kwa mkono na kuinyosha pua kwa miguu, yote kwa wakati mmoja, huku mwendo unaongezeka. Upepo ukiwa wa nguvu moja tu, kazi hiyo anaimudu.

Upepo wa vishindo ndio wenye hila. Kishindo kimoja kinaweza kuinua ndege ndogo kabla haijapata mwendo wake kamili. Kikipita, ile hewa iliyoibeba inapungua ghafla, na ndege inarudi chini. Kumbe katika hizo sekunde mbili tatu imeshasukumwa pembeni. Magurudumu yanagusa ardhi yakiwa yametazama upande, mguu mmoja unavunjika au ncha ya bawa inachimba udongo, na ndege inazunguka. Kwa ndege ya viti vinne kama Cessna 172, kitabu chake kinataja upepo wa kando wa kama kilomita 28 kwa saa, ambao kwa mchana wa kiangazi hapa kwetu si jambo la ajabu. Ndege kubwa za kupeleka watu ng'ambo ni nzito na zina mwendo mkubwa, kwa hiyo zinavumilia zaidi. Hilo nilimwambia koko mara tatu.

Aidha kuna suala la mwinuko. Goma ipo kwenye kama mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na Mbarara yetu inakaribia hapo, kama mita 1,400. Hewa ya juu ni nyepesi, hivyo ndege inahitaji kukimbia zaidi kabla ya kuinuka. Na Goma, kama mnavyokumbuka wazee, lava ya Nyiragongo ya Januari 2002 ilimeza sehemu ya njia yenyewe. Sisemi kwamba upepo ndio uliangusha ile ndege ya Mapendo. Nasema tu kwamba pale mwanzoni rubani ana mwendo mdogo, yuko karibu na ardhi, na hana muda wa kurekebisha lolote. Hilo ndilo jibu la swali la koko.

TULIUKIMBILIA MOSHI

Hapa niseme kidogo juu yangu. Nilizaliwa Goma. Tarehe 15 Aprili 2008, wakati ndege kubwa ya Hewa Bora iliposhindwa kuinuka, ikapita mwisho wa njia na kuingia Birere, nilikuwa na umri wa miaka tisa. Wengi waliokufa siku ile hawakuwa abiria, walikuwa watu wa sokoni na wa majumbani. Kitu ninachokikumbuka zaidi kuliko moshi wenyewe ni kwamba sote tuliukimbilia. Watoto, wakubwa, wenye ndoo za maji na wasiokuwa na kitu, tulikimbia kuelekea kule.

Kukimbilia si kosa. Tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya Precision Air ilipoanguka ndani ya Ziwa Victoria karibu kabisa na uwanja wa Bukoba katika hali mbaya ya hewa, waliofika kwanza walikuwa wavuvi na mitumbwi yao. Ndani mlikuwa na watu 43, na 24 kati yao wakapona. Jirani ndiye hufika wa kwanza siku zote, gari la wagonjwa linafuata. Lakini kuna namna ya kukimbilia. Tukumbuke pia Sange, Kivu ya Kusini, tarehe 2 Julai 2010, lori la mafuta lilipopinduka na watu wakasogea, wengine kuchota, wengine kutazama tu, moto ukashika na zaidi ya watu 200 wakaangamia. Hapa Nakivale wapo waliotoka Sange, hawahitaji kusimuliwa na mimi.

Kwa hiyo, iwe ni ndege, lori au jiko la mafuta limelipuka, kwanza ujue upepo unatoka wapi. Chukua vumbi kiganjani, liachie, utaona. Simama upande ule unakotoka upepo, ili moshi na mvuke wa mafuta viende mbali nawe. Ukinusa petroli usiwashe kitu, na watoto warudishwe nyuma kabisa. Aliyeungua mwagie maji safi ya baridi kwa muda wa dakika 20. Hapa najua mtaniambia maji ya kunywa yenyewe ni ya foleni. Ni kweli, lakini jerikani moja ikitoa maji kidogo kidogo inatosha kwa mkono wa mtoto. Dawa ya meno, mafuta ya kupikia, yai na unga wa muhogo visiguse kidonda. Vyote hivyo nimevikuta kwenye ngozi za watu hapa, na muuguzi anaanza kwa kuvikwangua, jambo linalouma kuliko moto wenyewe. Pete na bangili zivuliwe mapema kabla ya uvimbe, kisha funika kwa kitambaa safi.

MGENI WA BUTIABA

Sasa nikupeleke Butiaba, kwenye Ziwa Albert, hapa hapa Uganda. Mwezi wa Januari 1954 mwandishi wa Marekani Ernest Hemingway, ambaye waliosoma sekondari huenda wamelisikia jina lake, alikodi ndege ndogo aina ya Cessna 180 ili yeye na mkewe Mary waitazame nchi kutoka juu. Walitoka Nairobi, wakapita Bukavu, wakaja Entebbe. Tarehe 23 walikuwa kwenye maporomoko ya Murchison. Rubani wao Roy Marsh alikuwa akikwepa ndege wa porini, hawa wenye manyoya, akagonga waya wa zamani wa simu na wakaanguka vichakani. Mary alivunjika mbavu. Walilala hapo hapo porini.

Kesho yake boti iliwachukua mpaka Butiaba, na huko wakamkuta rubani mwingine, Reginald Cartwright, na ndege ya de Havilland Rapide, ile ya kizamani yenye mabawa mawili juu na mawili chini. Jua lilikuwa linazama na kiwanja kilikuwa kibovu, mashimo na matuta. Ndege ilikimbia ikirukaruka, ikainuka, ikarudi chini, ikashika moto.

Soma hapa polepole. Mlango ulikwama. Marsh alilipiga dirisha kwa miguu likatoka, Mary akapita humo na yeye akafuata. Hemingway alikuwa mtu mnene, dirisha halikumtosha. Akaupiga mlango kwa kichwa na bega mpaka ukafunguka. Wote wakatoka hai, na rubani pia.

Usiku ule walisafirishwa kwa gari hadi Masindi. Magazeti ya dunia yalikuwa tayari yametangaza kifo chake, kwani rubani wa ndege kubwa iliyopita juu ya Murchison aliona mabaki bila dalili ya mtu. Alipofika Entebbe alisimama mbele ya waandishi wa habari akicheka na kuwatania. Kila mtu akasema: huyu mzee ni chuma! Tena akaenda pwani ya Kenya kuvua samaki. Lakini madaktari walipompima vizuri baadaye walikuta ini, wengu na figo vimejeruhiwa, pingili ya uti wa mgongo imeumizwa, ubongo umetikiswa, sikio moja na jicho moja havifanyi kazi sawasawa, na kichwa, uso na mikono vina majeraha ya moto. Oktoba mwaka huo huo akapewa Tuzo ya Nobel, na hakuweza kusafiri kwenda Stockholm kuipokea kwa sababu ya majeraha hayo. Hakuwa tena yule mtu wa zamani.

Mtu aliyecheka mbele ya watu alikuwa anavuja damu kwa ndani. Niliposoma habari hiyo niliweka kitabu chini, kwa sababu nilikuwa nimeshamwona mtu wa namna hiyo Kabazana, na nilikuwa nimemwambia akalale.

KOSA LANGU

Ilikuwa Agosti 2021. Mnaijua miezi ile, vumbi jekundu na ule upepo wa mchana unaokuja kwa vishindo. Nyumba nyingi hapa mabati yamewekewa mawe juu, maana misumari ni ghali na mbao hazitoshi. Upepo ukainua bati moja, jiwe likateleza, likamwangukia mtoto wa kiume wa miaka 11 aliyekuwa akicheza ukutani, juu kidogo ya sikio la kushoto. Alizimia kwa muda mfupi, akaamka, akalia, akanyamaza.

Waliniita nikafika. Jeraha lilikuwa dogo, damu imekwisha kukauka. Mtoto alinijibu jina lake, alikunywa uji, akacheka nilipomtania kwamba ana kichwa kigumu kama cha mbuzi. Nikampima joto (sijui hata kwa nini nilipima joto). Nikamwambia mama yake: "Dada, usijali, mlaze apumzike, kesho nitapita."

Saa nane usiku simu ikalia. Mtoto ametapika mara tatu. Akiitwa anaguna tu. Mto wake umelowa, na maji hayo yanatoka sikioni.

Tulimpeleka kituo cha afya kwa boda boda, mimi nyuma nimemkumbatia, kichwa chake kikigongana na kifua changu kwa kila shimo. Hilo nalo lilikuwa kosa. Kituoni walimwona na kuandika rufaa papo hapo, lakini gari lilipatikana alfajiri. Sitaki kumlaumu mtu. Mbarara, kwenye hospitali ya rufaa, walimpiga picha ya kichwa, wakampasua, wakatoa damu iliyoganda.

Nilikaa benchi la nje na mama yake mpaka jioni. Hakunisema neno baya hata moja. Afadhali angenisema.

Daktari mmoja kijana alinichorea kwenye daftari langu, na mchoro ninao hadi leo. Mfupa wa fuvu ukipasuka unaweza kukata mshipa wa damu ulio chini yake. Damu inaanza kujikusanya kati ya mfupa na ubongo, taratibu. Mwanzoni nafasi ipo, na mtu anaongea, anakula, anacheka. Nafasi ikijaa, ubongo unaanza kubanwa. Kati ya kipigo na kuzidiwa yanaweza kupita masaa kadhaa, na kwa kawaida masaa hayo ndiyo tunayoyatumia kumwambia mgonjwa alale.

Basi aliyegongwa kichwa, kwa jiwe, kwa ajali ya boda boda, kwa kuanguka mtini au kwa ugomvi, akizimia hata kwa muda mfupi apelekwe kituoni siku ile ile, hata akisema ni mzima. Usiku wa kwanza asilale peke yake. Muamshe kila baada ya saa mbili na umuulize kitu cha kufikiri: jina la mwalimu wake, leo tumekula nini. Ukiona anatapika tena na tena, kichwa kinazidi kumuuma, haamki vizuri, anaongea ovyo, anapata degedege, mkono au mguu mmoja umelegea, mboni moja ya jicho ni kubwa kuliko nyingine, au maji maji au damu vinatoka puani au sikioni, usingoje asubuhi. Sikio usilizibe kwa pamba. Asipewe aspirini wala diklofena, kwani zinaweza kuongeza kuvuja kwa damu, na watu wanazinunua madukani kama pipi. Na yule aliyekunywa waragi akaanguka, usiseme amelewa tu. Mlevi naye ana fuvu.

Habari ya tumbo ni hiyo hiyo. Aliyegongwa tumboni au ubavuni, kama alivyogongwa yule mgeni wa Butiaba, anaweza kutembea huku wengu umepasuka. Mtazame rangi ya midomo na viganja. Akipauka, akitoka jasho la baridi, tumbo likawa gumu au bega la kushoto likamuuma bila kuumizwa, huyo ni wa kukimbizwa. Kumbeba, tumia ubao, mlango au turubai lililokunjwa na kushikwa na watu wanne, shingo isitikisike. Kama moto unakuja, mvute haraka upendavyo, moto haungoji. Lakini kama hakuna moto, mwache alale alivyo mpaka wabebaji wawe tayari.

KOKO NA SAFARI YAKE

Koko alisafiri Februari 2020. Kabla ya hapo nilikaa naye mara mbili, na sikumwambia kwamba ndege hazianguki, maana angeniona mwongo. Nilimwambia kwamba ndege kubwa haipewi kibali cha kubeba abiria mpaka ithibitishwe kuwa wote wanaweza kutoka kwa sekunde 90 huku nusu ya milango imefungwa. Nikamwambia akishaketi ahesabu viti mpaka mlango wa karibu, mbele na nyuma, kwa kidole kama anahesabu shanga, kwani moshi ukijaa macho hayafanyi kazi lakini vidole vinakumbuka. Avae viatu vya kufunga, si kandambili, na asivivue mpaka ndege iwe juu. Akiambiwa toka, atoke bila mzigo. Hapo akanikatiza: na ule mfuko wa karatasi za safari, ambao tumeambiwa tusiuachie hata tukienda chooni? Nikamwambia huo uvae shingoni tangu mwanzo, uwe kama nguo. Mengine yote yabaki.

Aliponipigia simu baada ya kufika, alilalamika juu ya baridi na chakula. Kuhusu kuondoka Entebbe alisema ndege ilitikisika kidogo upande upande, akamshika mkono msichana wa Kisomali aliyeketi karibu naye, hawakujuana lugha, wakashikana hivyo hivyo mpaka mawinguni. Viti vilikuwa saba kwenda mbele na vinne kwenda nyuma.

Yule mtoto wa Kabazana yuko hai na amerudi shule. Sikio la kushoto halisikii vizuri, kwa hiyo darasani anaketi upande wa dirisha, la kulia limtazame mwalimu. Mama yake amefunga mabati kwa waya na misumari aliyoinunua mmoja mmoja. Mawe ameyashusha, ameyapanga kuzunguka bustani yake ya sukuma.